Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeifuata saratani ya watoto barabara kwa barabara

Mzazi anayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, akiambiwa kwamba mtoto wake ana saratani ya damu, hujikuta na njia moja kubwa mbele yake: barabara ya Mbarara. Huko ndiko iliko hospitali ya rufaa ya mkoa yenye kitengo cha saratani, na huko ndiko mtoto anakoweza kuanzishiwa dawa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tiba haimalizikii wodini. Kwa aina ya lukemia inayowapata zaidi watoto, miezi ya kwanza ya sindano na dripu hufuatwa na kipindi cha takriban miaka miwili au zaidi cha vidonge vinavyomezwa nyumbani.

Kimojawapo cha vidonge hivyo ni methotreksati, dawa kongwe ambayo hadi leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zaidi ya miaka 60 iliyopita, dawa hiyohiyo ilijaribiwa mjini Kampala kwa watoto waliokuwa na uvimbe wa kutisha wa mataya. Miongoni mwa waliosimamia majaribio hayo alikuwamo daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja, ambaye hakuwa mtaalamu wa saratani na ambaye chombo chake kikuu cha utafiti kilikuwa gari kuukuu na ramani ya Afrika.

Jina lake lilikuwa Denis Parsons Burkitt. Alifariki dunia mwaka 1993, na ugonjwa aliouchunguza bado unaitwa kwa jina lake: limfoma ya Burkitt.

Mtoto wa mhandisi aliyehesabu ndege

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali katika jimbo la Fermanagh, mtu wa barabara na madaraja. Nje ya kazi alikuwa na shauku nyingine. Aliwavisha ndege wadogo wa bustanini pete za chuma miguuni, akafuatilia kila mmoja alikotua na alikoishia himaya yake, kisha akayachora hayo yote kwenye ramani. Wataalamu wa ndege bado wanamkumbuka kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo mtoto Denis alikulia katika nyumba ambamo swali la mahali kitu kilipo lilichukuliwa kuwa swali zito. Miaka mingi baadaye angeliuliza swali hilohilo kuhusu ugonjwa.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, watoto walirushiana mawe wakitoka shuleni. Jiwe moja likavunja miwani yake na kipande cha kioo kikaingia jicho la kulia. Jicho hilo halikupona. Maisha yake yote yaliyobaki, yakiwemo maelfu ya operesheni alizozifanya, aliyatazama kwa jicho moja.

Mwaka 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake. Hakuwa mwanafunzi wa kung'ara. Huko alijiunga na kikundi cha Wakristo wenzake, imani yake ikakolea, akaamua kuuacha uhandisi na kusomea udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata shahada ya upasuaji mjini Edinburgh. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika Magharibi alikataliwa, kwa sababu ya jicho.

Vita vya Pili vya Dunia vilimfungulia mlango ambao amani iliufunga. Aliingia jeshini kama daktari mwaka 1941 na akatumikia Kenya, Somalia na Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Vita vilipokwisha aliomba tena kazi ya ukoloni, safari hii akakubaliwa. Mwaka 1946 aliwasili Uganda na kupelekwa Lira, katika wilaya ya Lango, akiwa ameshamwoa Olive Rogers, muuguzi aliyekutana naye wakati wa vita.

Mabusha ya Lango

Lira ilimfundisha jambo ambalo vyuo havikumfundisha. Wanaume wengi walifika hospitalini kufanyiwa upasuaji wa busha, naye akaanza kuona kwamba hawakutoka kila pembe ya wilaya kwa idadi sawa. Walitoka kwa wingi upande wa mashariki, na kwa uchache mno upande wa magharibi. Aliwauliza walikotoka, akaandika, akachora.

Busha, kama matende, huweza kusababishwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Ramani aliyoichora Lango ilionyesha kwamba ugonjwa una makazi yake, na kwamba anayeyajua makazi hayo amekaribia kujua chanzo chake. Hilo lilikuwa zoezi dogo katika wilaya moja. Baada ya muongo mmoja angelirudia kwa bara zima.

Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala, katika hospitali ya Mulago, iliyokuwa pia hospitali ya kufundishia ya chuo cha Makerere. Kwa miaka kadhaa alikuwa daktari wa upasuaji mwenye kazi nyingi na sifa za kawaida.

Mtoto wa Mulago na mtoto wa Jinja

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mvulana wa umri wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umeharibika: mataya yalikuwa yamevimba pande zote, juu na chini, kushoto na kulia, na meno yalikuwa yamelegea. Kama ungekuwa usaha, usingetokea sehemu nne kwa wakati mmoja. Kama ulikuwa uvimbe wa saratani, vitabu havikuwa na saratani ya namna hiyo. Burkitt alimpiga picha mtoto yule na kubaki na fumbo lake.

Wiki chache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja. Alipotupa jicho nje ya dirisha, alimwona msichana mdogo ameketi na mama yake, uso umevimba vilevile. Alitoka kwenda kumpima, akagundua kwamba tumboni pia mlikuwa na uvimbe. Mgonjwa mmoja ni ajabu, wawili ni dalili ya jambo kubwa zaidi.

Alirudi Mulago akapekua majalada. Yale yaliyokuwa yameandikwa kama magonjwa mbalimbali, huyu saratani ya figo, yule ya taya, yule ya ini au ya mifupa, yalianza kuonekana kuwa ugonjwa mmoja wenye sura nyingi. Haukuwa ugonjwa mpya pia. Kumbukumbu za Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, zilikuwa na watoto wenye uvimbe kama huo. Waganda walikuwa wakizika watoto kwa ugonjwa huu muda mrefu kabla haujapewa jina la Mzungu.

Mwaka 1958 Burkitt alichapisha maelezo yake katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza. Makala hayo hayakuzua gumzo kubwa. Yeye aliudhania ugonjwa huo kuwa saratani ya tishu laini. Mtaalamu wa patholojia kutoka Marekani, Gregory O'Conor, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, ndiye aliyeonyesha kwa hadubini kwamba chembe zile zilikuwa za mfumo wa limfu. Ilikuwa limfoma, ndugu wa saratani za damu.

Kilomita 16,000 kwa gari la mtumba

Swali la baba sasa likawa la mwana: ugonjwa huu uko wapi, na hauko wapi?

Burkitt alianza kwa barua. Alituma vipeperushi vyenye picha na hojaji kwa hospitali za serikali na za misheni kote barani, akiuliza kama wamewahi kuona watoto wa namna hii. Majibu yaliporudi alichomeka pini kwenye ramani iliyoning'inia ukutani. Pini zikaanza kujipanga: mkanda mpana ukilikata bara katikati, pande zote mbili za ikweta, ukiwa na mkia unaoteremka pwani ya mashariki kuelekea kusini.

Lakini pini haziwezi kueleza kwa nini mkanda unakoma pale unapokoma. Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari la Ford lililonunuliwa kuukuu. Alifuatana na madaktari wawili: Ted Williams, wa hospitali ya misheni ya Kuluva karibu na Arua, ambaye pia alikuwa fundi hodari wa magari, na Cliff Nelson kutoka Canada. Kwa wiki kumi walisafiri maili 10,000, yaani karibu kilomita 16,000, wakishuka hadi Afrika Kusini na kurudi. Njiani walisimama katika hospitali zaidi ya 50.

Kila walipofika waliweka picha mezani na kuwauliza madaktari na wauguzi. Wengine waliwatambua watoto wale papo hapo. Wengine walitikisa kichwa. Gharama nzima ya msafara haikufika pauni 700, na umekumbukwa katika historia ya tiba kama mojawapo ya tafiti za bei nafuu zaidi kuwahi kuzaa matunda makubwa.

Nyanda zisizo na pini

Walichokiona ni kwamba mpaka wa ugonjwa ulifuata mwinuko wa nchi. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa nadra juu ya mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kadiri walivyoteremka kusini, mpaka huo ulishuka pia, hata ukakaribia tambarare. Alexander Haddow, aliyekuwa akiongoza taasisi ya utafiti wa virusi Entebbe, alisaidia kulielewa jambo hilo: ule mwinuko ulikuwa kipimo cha joto. Palipokuwa na baridi au ukavu, watoto walisalimika. Palipokuwa na joto na mvua, waliugua.

Hapa ndipo kusini-magharibi mwa Uganda inapoingia katika hadithi. Nyanda za juu za Kigezi na sehemu za Ankole, ambako Mbarara ndio mji mkuu, pamoja na Rwanda na Burundi ng'ambo ya mpaka, zilikuwa karibu tupu katika ramani ya Burkitt. West Nile, Lango, Acholi na Busoga zilijaa pini.

Nyanda hizo hazikuwa na watu waliotulia mahali pamoja. Kwa miongo mingi, watu wa Rwanda, Burundi na Kigezi walikuwa wakishuka Buganda kutafuta vibarua kwenye mashamba ya pamba na kahawa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, machafuko ya Rwanda yaliwasukuma maelfu ya Watutsi kuvuka mpaka kuingia Uganda, na Nakivale ikawa miongoni mwa makazi ya kwanza kutengwa kwa ajili yao.

Mwaka 1966 Burkitt na mtaalamu wa patholojia Dennis Wright walichapisha uchambuzi wa wagonjwa wa Uganda kwa maeneo na makabila. Walibaini kwamba wahamiaji waliotoka nyanda zisizo na ugonjwa na kuhamia maeneo yenye ugonjwa waliweza kuupata, na kwamba mara nyingi waliupata wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji. Maana yake ilikuwa nzito. Kama ugonjwa ungekuwa katika damu ya ukoo, kuhama kusingebadili kitu. Kumbe kulikuwa na kitu mahali penyewe, ambacho mtoto mwenyeji alikutana nacho mapema na mgeni akakutana nacho akiwa ameshakua. Watu waliohama, ambao takwimu za serikali zilizoea kuwaona kama usumbufu, ndio waliotoa ushahidi wa maana kuliko wote.

Ukungu wa London na mbu wa Afrika

Burkitt alidhani kitu hicho ni virusi vinavyobebwa na mdudu. Alikuwa nusu sahihi.

Machi 1961, kabla ya ule msafara mrefu, alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Kati ya wasikilizaji alikuwamo kijana mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Epstein alitoka mhadharani akiwa na hakika kwamba uvimbe ule unastahili kutafutwa virusi ndani yake, na wakakubaliana sampuli zitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili hakupata kitu.

Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli moja ilizuiwa na ukungu kutua London ikapelekwa Manchester. Kipande kile kilipofika maabara saa nyingi baadaye, maji yake yalikuwa yamechafuka kana kwamba yameoza. Epstein alipoyatazama alikuta chembe hai zilizobanduka na kuelea. Wazo la kuziotesha zikiwa zinaelea likazaliwa hapo. Mwaka 1964, akiwa na Bert Achong na Yvonne Barr, alitangaza kuonekana kwa virusi katika chembe hizo kwa hadubini ya elektroni. Leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr, na ndivyo vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Ikagundulika baadaye kwamba virusi hivyo haviletwi na mdudu. Huenea kwa mate, na sehemu kubwa ya watu duniani wanavyo bila kuugua. Kilichokuwa kikibebwa na mbu kilikuwa malaria. Gilbert Dalldorf, mtafiti wa Marekani, alilitaja wazo hilo mapema, na Burkitt, badala ya kushikilia nadharia yake ya kwanza, alilikubali na kuliandikia. Alionyesha kwamba visiwa vya Unguja na Pemba, licha ya joto na mvua, havikuwa na ugonjwa huo. Huko malaria ilikuwa imedhibitiwa. Malaria kali ya mara kwa mara huidhoofisha kinga ya mtoto na kuzichochea chembe zilizoambukizwa virusi, hata mojawapo ikaasi.

Dawa pale pasipokuwa na mionzi

Kujua ugonjwa uko wapi hakukumponya mtoto aliyelala Mulago. Burkitt alikuwa mpasuaji, na upasuaji haukufaa kitu: uvimbe ulikuwa sehemu nyingi mno, na ulikua kwa kasi ambayo mama aliweza kuiona kutoka siku moja hadi nyingine. Tiba ya mionzi, ambayo Ulaya ingekuwa chaguo la kwanza, haikuwapo Kampala. Kilichobaki ni dawa.

Dawa za saratani za wakati ule zilikuwa changa. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Sidney Farber wa Boston alikuwa amewapa watoto wenye lukemia dawa inayoiga asidi ya foliki, kirutubisho ambacho chembe hukihitaji ili zitengeneze vinasaba. Chembe ikiibeba dawa badala ya kirutubisho, hukwama, haigawanyiki. Dawa hizo zilitengenezwa katika maabara ya kampuni moja ya Marekani chini ya mwanakemia mzaliwa wa India, Yellapragada Subbarow. Methotreksati ni tunda la kazi hiyo. Sifa yake moja kubwa kwa nchi maskini ni kwamba inaweza kutolewa kwa vidonge.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Joseph Burchenal na Herbert Oettgen wa taasisi ya Sloan-Kettering, New York, walishirikiana na Burkitt kuijaribu dawa hiyo kwa watoto wa Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 1963. Burkitt alijaribu pia siklofosfamidi na vinkristini. Baadhi ya kampuni zilimpa dawa bila malipo. Alitumia dozi ndogo, maana hospitali haikuwa na uwezo wa kumhudumia mtoto ambaye damu yake ingeporomoka kwa sumu ya dawa.

Kilichotokea kiliwashangaza hata waliotoa dawa. Uvimbe ulinywea katika muda wa siku. Nyuso zilizokuwa zimepotea zilirudi. Watoto kadhaa waliopata dozi moja au mbili tu walibaki wazima miaka kadhaa baadaye, jambo ambalo halikuwa likitarajiwa kwa lukemia za Ulaya na Marekani. Siri ilikuwa katika ule ukali wa ugonjwa: chembe zinazogawanyika kwa kasi kupita zote ndizo zinazonaswa kwa urahisi na dawa inayovizia mgawanyiko.

Si wote waliopona. Kwa wengi uvimbe ulirudi, wakati mwingine ukijificha kwenye ubongo na uti wa mgongo ambako dawa hufika kwa shida. Lakini katika zama ambazo madaktari wengi waliamini kwamba saratani iliyosambaa haiponyeki kwa dawa, watoto wa Uganda walikuwa ushahidi hai wa kinyume chake. Mwaka 1972 tuzo ya Lasker, miongoni mwa tuzo kubwa za tiba nchini Marekani, ilitolewa kwa kundi la watafiti waliothibitisha hilo. Burkitt alikuwa mmoja wao.

Majina ya watoto hao hayamo katika tuzo hizo. Walipigwa picha, wakapimwa, vipande vya miili yao vikasafirishwa, katika enzi ya ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru ambapo ridhaa ya mgonjwa haikutafutwa kwa namna inayodaiwa leo. Sifa za Burkitt zikisimuliwa bila wao huwa zimesimuliwa nusu.

Kituo kilichobaki

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Mwaka uliofuata kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ya saratani ya Marekani, kikiongozwa na daktari kijana Mmarekani, John Ziegler. Kituo hicho kiliongeza jambo ambalo majaribio ya dawa yalilihitaji mno: kumtafuta mgonjwa baada ya kuruhusiwa. Wahudumu walikwenda vijijini kwa gari, wakiuliza njia, ili kujua kama mtoto fulani bado yu hai na kama uvimbe umerudi. Bila safari hizo, kupona kungekuwa dhana tu.

Utawala wa Idi Amin ulipowafukuza au kuwatisha wageni, Ziegler aliondoka, na Charles Olweny, daktari Mganda, akashika usukani. Taasisi hiyo ilivuka miaka ya dhiki na bado ipo. Leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Burkitt mwenyewe, akiwa London, aligeukia swali jingine. Alijiuliza kwa nini magonjwa ya utumbo yaliyojaa Uingereza alikuwa ameyaona kwa nadra Uganda. Akiendeleza mawazo ya daktari wa jeshi la majini Peter Cleave, na akishirikiana tena na Trowell, alihubiri umuhimu wa nyuzinyuzi katika chakula. Kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya nyuzinyuzi kiliuzwa sana. Baadhi ya madai yake yamerekebishwa na tafiti za baadaye, lakini mkate wa ngano isiyokobolewa unaouzwa madukani leo una deni kwake.

Alifariki tarehe 23 Machi 1993 nchini Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82, akamwacha Olive na mabinti watatu.

Barabara ya Nakivale

Nakivale sasa ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Watutsi wa mwanzo walifuatwa na watu wa Congo, Burundi na Somalia na wimbi jipya la Wanyarwanda. Idadi yao imepita laki moja kwa mbali. Katika kanda zake za Base Camp, Juru na Rubondo, Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha watu hao.

Mpaka wa mwinuko aliouchora Burkitt haukuwa ukuta. Watoto wenye limfoma yake wanatibiwa Mbarara pia, kwa mchanganyiko wa dawa ambazo nyingi hupitishwa kwenye mshipa, na wakiwahi wana nafasi nzuri ya kupona. Wale wenye lukemia hurudi nyumbani na vidonge: merkaptopurini ya kila siku, na methotreksati inayomezwa mara moja tu kwa wiki.

Hapo ndipo hatari ilipojificha. Methotreksati ikimezwa kila siku kwa makosa inaweza kuua, kwa kuangamiza chembe za damu na utando wa kinywa na utumbo. Ikiachwa kwa sababu nauli imekosekana au kwa sababu mtoto anaonekana mzima, saratani inaweza kurudi ikiwa sugu. Mtoto anayecheza mpira hajaonyesha kwamba amepona. Ameonyesha kwamba dawa inafanya kazi. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno na kubwa kwa maisha, na mzazi anastahili kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kwa sababu maandishi ya pakiti mara nyingi ni ya Kiingereza.

Ushauri wa madaktari wa saratani kwa wazazi ni mwepesi kuutaja na mgumu kuutekeleza: siku moja ya wiki iliyochaguliwa na kuandikwa, mtu mmoja mwenye dhamana ya kutoa dawa, kurudi hospitali haraka mtoto anapopata homa au vidonda vya kinywani, na kutokosa tarehe ya kupima damu. Kila sharti kati ya hayo linategemea nauli, simu yenye chaji na mtu wa kumwachia watoto wengine.

Burkitt alisafiri kilomita 16,000 kuufuata ugonjwa. Dawa aliyoijaribu sasa inapatikana Mbarara. Kilichobaki ni kipande cha barabara kinachopungua kilomita 100, ambacho mama wa Nakivale hukisafiri tena na tena, kwenda na kurudi, kwa zaidi ya miaka miwili.